Goti la Nyemo na Watu Arobaini na Mmoja

Nyemo Chilewa alipotua baada ya kufunga kikapu chake cha kwanza, shangazi yake, aliyekuwa Hombolo, umbali wa kilomita arobaini, aliangusha sufuria ya mboga.

Wakati huo sikuwa na habari za sufuria. Nilikuwa nimeketi kando ya uwanja mjini Dodoma, kibao cha vipimo magotini, nikimtazama mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ambaye goti lake la kushoto daktari aliliita "jengo la kubomolewa", akiruka kama msichana wa kidato cha pili. Alipanda juu, akawaacha mabinti wawili wa timu pinzani wakitazama soli zake, akausukumiza mpira kikapuni, akatua. Kwenye kibao changu mstari wa goti haukutikisika.

"Sifuri!" nilimpigia kelele kocha. "Umeona? Mshindo kwenye goti ni sifuri!"

"Kaa chini, Lameki," kocha akasema. "Unamziba refa."

Sikukaa. Mtu aliyebuni soli ya kwanza isiyomrudishia mchezaji hata chembe ya uzito wake hakai chini. Watu wanaokaa chini ni wale waliosema haiwezekani, na majina yao ninayo.

Simu ikalia.

"Fundi Lameki? Ni mimi Mwendwa, shangazi yake Nyemo. Huko mjini kuna tetemeko?"

"Hapana, Shangazi. Kuna nusu fainali."

"Huku lipo. Ila ni tetemeko la ajabu, linachagua watu. Limenipiga mimi jikoni. Limempiga Mwalimu Chitema akiwa kwenye mizani ya zabibu. Limempiga mchungaji katikati ya kufungisha ndoa, akapiga yowe mahali ambapo kitabu hakisemi yowe. Bibi harusi kasimama palepale, hana habari. Mbuzi hawana habari. Maji mtungini hayajatikisika."

Nikaitazama miguu ya Nyemo. "Shangazi, mmevaa viatu gani?"

"Swali gani hilo? Raba za mtoto wetu, si ulituletea mwenyewe?"

Uwanjani Nyemo aliruka tena, akatua tena. Kwenye simu nikasikia "Mayooo!", kisha kishindo cha kigoda, kisha sauti ya mbali ya mtu akiuliza kama hilo ni la pili au la tatu.

Nikakaa chini.

*

Lazima niwaeleze raba hizi, maana zimesemwa mengi na watu wasiojua hata soli inashonwa upande gani.

Nyemo wa Kwanza ilikuwa raba ya kawaida yenye kifuko cha hewa kisiginoni. Ilipasuka robo ya tatu, ikatoa sauti ambayo watazamaji hawakuisahau. Nyemo wa Pili ndiyo iliyokuwa na ute. Niliupika mwenyewe, na watu wa kiwandani wakauita mlenda, kama ile mboga, kwa sababu unavutika kama mlenda na unashika vidole kama mlenda. Tabia yake ni moja: ukiugusa taratibu unakubali, ukiupiga ghafla unagoma. Nyemo wa Tatu ilikuwa ileile, ila tulipunguza kisigino na kupandisha kingo ili kifundo kisipinde. Ilikuwa raba nzuri. Lakini goti la Nyemo lilikuwa limeshachoka. Gegedu lake limekwisha kama kifutio cha mtoto wa shule. Hata ute bora hupunguza tu mshindo. Haumalizi. Mshindo lazima uende mahali.

Nililala na kuamka na neno hilo: lazima uende mahali. Ndipo nikauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: kwa nini uende kwa mtu mmoja?

Nyemo wa Nne ina raba mama na raba wana. Mama anavaliwa na Nyemo. Wana wanavaliwa na mashabiki. Ute wote umetoka chungu kimoja, na nikiuamsha kwa namba ninayoijua mimi peke yangu, unakumbuka kwamba ulikuwa mmoja, na haulali tena. Nyemo akitua na uzito wa kilo mia nne, mama anaugawa mshindo kwa kila mwana aliye kwenye mguu wenye joto, popote alipo. Tulikuwa na jozi laki tatu ghalani. Kilo mia nne ukizigawa kwa watu laki tatu, kila mmoja anapata uzito wa njugu mbili. Nani atahisi njugu mbili? Niliona fahari hata nikatunga ubeti wa kuchapa kwenye ulimi wa kila raba:

*Ruka juu usihofu, ya chini tunayo sisi,*
*Goti moja ni dhaifu, mengi hubeba rahisi.*

Lakini hizo jozi laki tatu zilikuwa bado zimelala. Ofisi ya vibali ilisoma neno "mlenda" kwenye maombi yetu, ikapeleka faili idara ya chakula, na idara ya chakula ikataka kujua ute huo unaharibika baada ya siku ngapi usipowekwa kwenye jokofu. Raba zilizokuwa zimeamshwa ni zile za majaribio tu, tulizowapelekea ndugu na majirani wa Nyemo kule Hombolo ili wapigwe picha. Jozi arobaini na moja.

Kilo mia nne kwa watu arobaini na mmoja. Kila Nyemo alipotua, kila mmoja wao alikuwa akipigwa nyayoni na kitu kama mfuko wa unga wa kilo kumi. Na Nyemo, kwa mechi moja, hutua mara sitini.

"Walitia saini," alisema Bi Stamili, mkurugenzi wetu, jioni hiyohiyo ofisini. Ni mwanamke mpole anayesema mambo mazito kwa sauti ya kukukaribisha chai. "Ukurasa wa tisa: ninakubali kuchangia mshindo. Saini arobaini na moja."

"Bi Stamili, nilikuwepo. Hakuna aliyefungua ukurasa wa tisa. Waliona orodha ya majina na neno kuchangia. Kila mtu aliuliza swali moja tu: fulani kashaandika? Akiambiwa kashaandika, anaandika."

"Basi walikubali."

"Walidhani ni harusi!"

Alitabasamu. "Lameki, mdogo wangu. Fainali ni Jumamosi. Timu ya Zabibu ikishinda inaingia ligi ya Afrika, na Nyemo hana msimu mwingine. Bila raba hizi atacheza robo moja, goti litaachia, atamaliza maisha yake na fimbo. Kibali kinatoka mara baada ya fainali. Ni mechi moja tu. Usiwasumbue wazee wa watu kwa maelezo."

Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira ilinipeleka mpaka mlangoni pangu kabla sijagundua kwamba sikuwa nimemjibu.

*

Nilikwenda Hombolo Jumapili, ibada ilipokwisha. Nilijiandaa kupigwa. Niliwakuta wote uani kwa Shangazi Mwendwa, raba nyeupe miguuni chini ya vitenge na suti za kanisani, wengine wameketi, wengine wamesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo, ili wakinipiga wanipige kama mtoto wa nyumbani.

Nikawaeleza yote. Ute, mama, wana, jozi laki tatu zilizolala. Nilisema, "Lile tetemeko ni Nyemo anapotua. Mnambebea. Mimi ndiye niliyetengeneza, na sikuwauliza. Vueni raba, nirudi nazo."

Shangazi Mwendwa, mwanamke mpana wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bwawa, aliinuka taratibu.

"Unasema," akaanza, "kwamba tumekuwa tukimchangia mtoto wetu tangu nusu fainali."

"Ndiyo, Shangazi."

"Watu arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

"Bila kamati?"

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Shughuli ya watu arobaini na mmoja," alisema akiwageukia wenzake, "haina mwenyekiti! Haina katibu! Haijatangazwa kanisani! Kijana huyu anatuchangisha kienyeji kama watu wa njiani!"

Minong'ono ya ghadhabu ikapita uani. Mwalimu Chitema, mstaafu mwembamba ambaye kalamu haitoki mfukoni mwake hata akilala, alikuwa ameshafungua daftari. Ndani ya dakika kumi wakawa na mwenyekiti (Shangazi Mwendwa), katibu (Mwalimu) na ajenda (fainali ya Jumamosi). Magodoro yaletwe ofisi ya kata, kwenye televisheni, mbele ya ukuta wenye picha ya Nyemo. Watu wakae, wasisimame. Sherehe za ndoa zisogezwe.

"Jamani," nikasema, "mimi nimekuja kuzichukua."

"Wewe tulia, utapewa nafasi kwenye mengineyo," akasema Mwalimu Chitema bila kuinua kichwa. "Sasa, afya. Mwenye ugonjwa wa mifupa, presha, au mimba, aseme, asamehewe. Hakuna lawama."

Aliangaza huku na huku. Mbele yangu kulikuwa na mzee Masima, aliyeingia uani kwa kushikwa mikono miwili. Kulikuwa na mama aliyekuwa amefunga goti kwa khanga. Hakuna aliyenyoosha mkono. Yule mzee alijinyoosha, akapiga kifua.

"Wote wazima," katibu akaandika, nami nilimwona akijifuta jasho.

Hapo ndipo ilipaswa niseme. Mtu anayekubali kwa sababu jirani anamtazama, amekubali nini? Nililijua swali hilo. Lakini Shangazi alinitangulia.

"Na wewe," akasema, akiinama kunitazama miguu. "Nimesoma kwenye ulimi wa raba. Umeandika, *ya chini tunayo sisi*. Sisi nani? Zako ziko wapi?"

Nilikuwa nimevaa ndala.

Sijawahi kuaibishwa na kazi yangu mwenyewe kabla ya siku ile. Nilisema kwamba mimi ndiye mwenye kupima, kwamba mkono wangu lazima utulie. Mke wa mchungaji alicheka. Nikasema vizuri, Jumamosi nitavaa. Wakapiga makofi, Mwalimu akaniandika wa arobaini na mbili.

"Na Nyemo asiambiwe," Shangazi akamalizia. "Mwenye shughuli haambiwi nani katoa kwa shida."

*

Ukumbi ulijaa siku ya fainali. Zabibu dhidi ya Mkonge ya Tanga, wasichana warefu, wanaoruka kama wamerushwa. Niliketi mahali pangu na raba mpya miguuni, na Nyemo alipotua mara ya kwanza nilielewa kilo kumi ni kitu gani.

Haiumi kama teke. Inakuja kutoka chini, bila onyo, inapanda kwenye mfupa wa muundi mpaka menoni. Niliuma ulimi. Alipotua mara ya tano, mtangazaji aliuambia umma kwamba fundi wa Zabibu anacheza ngoma kando ya uwanja kwa furaha.

Kwenye kibao taa arobaini na mbili zilikuwa zinawaka, moja kwa kila mwenye raba. Katikati ya robo ya pili nikaona taa ya Shangazi imekaa vibaya: soli ya kulia inabeba yote, ya kushoto haiguswi. Nilimpigia simu katibu.

"Mwalimu, Shangazi ameketije?"

"Ameketi vizuri," akasema kwa sauti kubwa. Kisha nikasikia anatoka nje, mlango unafungwa, na sauti ikawa ndogo. "Ana chuma kwenye nyonga ya kushoto, mwaka wa sita huu. Anauma khanga. Na mimi nina presha, kijana. Na mzee Masima amelala, sijui amezimia. Lakini usinitaje."

"Mwambie avue!"

"Akivua, wote wataona. Na mzigo wake utakuja kwetu. Nani atavua, Lameki? Wewe utavua?"

Kipenga cha mapumziko kikalia. Nilimfuata Nyemo mpaka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamweleza mbele ya timu nzima, haraka, kabla ujasiri haujaisha. Alikuwa anakunywa maji. Akaacha.

"Kwa hiyo," akasema, "nimekuwa nikimpiga shangazi yangu mateke mbele ya taifa."

"Si mateke. Ni kama…"

"Fundi, ukiniambia ni kama njugu nitakupiga na benchi hili." Alikaa, akalishika goti lake. "Wiki nzima nimelala bila dawa. Nilidhani Mungu kaniponya. Nilimshukuru! Kumbe namshukuru mzee Masima." Akafuta uso kwa taulo. "Nipe raba za zamani."

"Ziko Hombolo. Wamezipigilia ukutani ofisi ya kata, chini ya picha yako."

"Za mwenzangu?"

Tulitazama miguu ya timu nzima. Nyemo anavaa namba arobaini na sita. Aliyemkaribia anavaa arobaini na moja. Na kucheza peku kanuni hairuhusu.

"Basi sitaruka," akasema, akatoka.

Robo ya tatu nzima hakuruka. Alipiga pasi, alitupa mpira akiwa ameganda sakafuni kama nguzo ya umeme, alijongea kwa hatua ndogondogo kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Mabinti wa Mkonge walimpita kichwani. Uongozi wa pointi kumi na moja ukaisha. Jukwaani wakaanza kuzomea, na mmoja akauliza kwa sauti kama nyota wetu ana mimba.

Kocha alipoomba muda, simu yangu ilikuwa inalia kwa mara ya saba. Nilimwekea Nyemo sikioni.

Sauti ile haikuhitaji simu. "Nyemo! Tumekukosea nini?"

"Shangazi, vua raba."

"Tumeketi hapa watu wazima na akili zetu, tumetandika magodoro, tumeshonana mabega, na mtoto haruki! Nani amekuambia mchango wetu ni mchafu?"

"Shangazi, una chuma kwenye nyonga."

"Nani kasema?"

Nyemo hakumtaja mtu.

"Mimi nyonga yangu nzima," Shangazi akasema. "Ukoo mzima unatazama. Mke wa mchungaji anatazama. Wewe ukituonyesha kwamba mchango wa Hombolo haufai, Jumapili mimi naingiaje kanisani? Ruka, mtoto!"

Simu ikakatika. Nyemo alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

"Nikiruka namvunja," akasema. "Nisiporuka namwaibisha. Hii raba yako, Lameki, ulipoitengeneza ulimfikiria mtu gani?"

Nilikuwa nimefikiria goti.

Zilipobaki sekunde sita za robo ya nne, Nyemo bado hajaruka, Mkonge walikuwa na sabini na moja, sisi sabini. Mwenzake Nyemo alirusha kutoka kona, mpira ukagonga chuma, ukaruka juu wima. Chini yake kulikuwa na mabinti watatu wa Mkonge na Nyemo.

Nyemo akaruka.

Ukumbi mzima ulipumua mara moja. Alikwenda juu kuliko nusu fainali, juu kuliko nilivyowahi kupima, akaukamata mpira kwa vidole vya mkono mmoja na kuusukuma ndani. Wavu ukalia. Mimi nikafumba macho, nikakaza nyayo, nikauma kola ya shati. Kilomita arobaini mbali watu arobaini na mmoja, nilikuja kuambiwa, walishikana mikono, na Shangazi alisema, "Huyo anakuja."

Hakuja.

Nilifumbua jicho moja. Nyemo alikuwa bado angani, akishuka, na alikuwa amekunja miguu yote miwili mbele yake, soli zikitazama paa, kama mtu anayeketi kwenye kiti kilichoondolewa na adui. Alitua kwa makalio.

Nimesikia vishindo vingi katika kazi yangu. Kile sikuwa nimekisikia. Refa aliweka kipenga mdomoni akasahau kupuliza. Kwenye kibao taa arobaini na mbili zilikuwa zinawaka kwa utulivu, na hakuna hata moja iliyotikisika. Sabini na mbili kwa sabini na moja. Ukumbi ulilipuka. Nyemo alilala ubavu sakafuni, akipiga ubao kwa kiganja, na nilipomfikia alikuwa anasema maneno ambayo mtu aliyelelewa kanisani hutakiwa kuyajua tu, si kuyatamka.

"Goti?" nikamuuliza.

"Goti zima," akasema. "Niitie machela."

*

Mfupa wa mwisho wa mgongo ulikuwa na ufa. Daktari akaamuru wiki sita za kulalia tumbo. Jumatatu asubuhi Hombolo nzima iliingia wodini, wamevaa raba, wamenuna kama waliofiwa. Muuguzi alisema wanaoruhusiwa ni wawili. Mwalimu Chitema akamwambia hawa ni wawili, pamoja na kamati.

"Umeturudishia mchango," Shangazi akamwambia Nyemo kisogoni, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu. "Mbele ya watu."

"Tumeshinda, Shangazi."

"Tumeshinda na makalio yako. Sisi tulifanya nini? Tulikaa."

Simu yangu ikaita. Bi Stamili, kwa sauti yake ya chai: kibali kimetoka. Idara ya chakula imeridhika. Amsha jozi laki tatu, leo, ziende madukani. Zikishavaliwa ni njugu mbili, hakuna atakayehisi.

Hili ndilo nililokuwa nimelisubiri mwaka mzima. Njugu mbili. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema namba. Nikamwona mzee Masima, amesimama kwa kushikwa mikono miwili, kifua mbele.

"Wataulizwa?" nikasema.

"Ukurasa wa tisa, Lameki."

"Bi Stamili, subiri kwenye simu."

Nyemo alikuwa amesikia. Alinivuta shati bila kuinua uso. "Fundi. Funga pazia la kitanda. Waingie mmojammoja, uwaulize hapa. Mwenzake asisikie. Mimi nimelala."

Kisha akakoroma, vibaya sana, kama mtu asiyejua watu hukoroma vipi.

Nikavuta pazia. Niliwaambia kamati kwamba ni uhakiki wa kitaalamu. Walipenda neno hilo. Mwalimu Chitema akaingia wa kwanza, kama itifaki inavyotaka.

"Hakuna atakayejua," nikamnong'oneza. "Unataka kuendelea kubeba? Ndiyo au hapana."

Aligeuka kutazama pazia, akainama sikioni kwangu. "Hapana. Lakini mimi kwenye daftari langu nitaandika ndiyo. Usishangae zikitofautiana." Akatoka, nikasikia anatangaza kwa ile sauti ya darasani: "Nimekubali bila shuruti!" Makofi.

Akaingia mchungaji. "Hapana, ndugu yangu. Na mke wangu asisikie." Akatoka: "Nimekubali, kwa neema!" Akaingia mke wa mchungaji. "Hapana. Na mume wangu asisikie." Akatoka na vigelegele. Mama wa khanga gotini alisema hapana, akauliza kama anaweza kubaki na raba tupu bila ute, maana zinamkaa vizuri. Mzee Masima alisema hapana mara tatu, kwa nguvu, hadi nikalazimika kukohoa kumfunika, kisha akaomba asaidiwe kutoka kwa mwendo wa mtu aliyekubali.

Mmoja baada ya mwingine. Nje makofi yalizidi kukua. Kitandani mabega ya Nyemo yalikuwa yanatikisika, na mkoromo ulikuwa umekatika zamani.

Shangazi Mwendwa aliingia mwisho, kama mwenyekiti. Alivuta pazia mwenyewe mpaka pasibaki ufa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliketi bila kualikwa, kwenye ukingo wa kitanda, na nikaona anavyouteremsha ule upande wa kushoto, kidogokidogo, kwa mikono.

"Hakuna atakayejua, Shangazi," nikasema.

Alimtazama Nyemo aliyelala. Akaweka kiganja juu ya kisogo chake.

"Hapana, mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Inauma."

Akakaa kidogo. Kisha akainuka, akashika mlingoti wa dripu, akakung'uta kitenge, akafungua pazia kwa mikono miwili na kuinua ngumi mpaka kwenye taa.

"Mimi nimekubali!"

Wodi nzima ikapiga vigelegele, hata wagonjwa wasiohusika. Kwenye simu Bi Stamili alikuwa anauliza ni furaha gani hiyo, na namba ni ipi. Nilishika kalamu. Miguuni nilikuwa bado na raba, ile jozi ya arobaini na mbili, na nyayo zilikuwa zinawaka moto tangu Jumamosi. Nikalifunga pazia tena, nikajiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Nikaandika: hapana, arobaini na mbili.